Yowe la Wawindaji Lilivyogeuzwa Kesi Kenyamonta

Saa kumi na moja jioni Gati Sylvester anajifunga kanga kiunoni na kuingia shambani, kijijini Kenyamonta, kando ya hifadhi. Ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kulinda mashamba ya watu tembo wasiyale, kwa malipo ya madebe mawili ya mahindi kwa ekari. Leo amefura kwa hasira.

"Shikamoo, mama," namwamkia.

"Marahaba. Kama umekuja kupiga picha mahindi, mwanangu, umechelewa. Yameliwa."

Alhamisi iliyopita tembo saba waliingia jua likiwaka. Gati akapiga yowe alilofundishwa na babu yake, aliyekuwa mwindaji: sauti moja ndefu, kisha mbili fupi. Zamani alilipiga mtu aliyemchoma mnyama mkuki, naye mnyama akamgeukia. Maana yake: niko peke yangu naye, njooni, nyama tutagawana. Aliyelisikia akakaa nyumbani alitozwa mbuzi.

Safari hii hakuja mtu. Hata mmoja! Ekari nne zimekwenda, mbili zikiwa zake mwenyewe.

Jirani yake, Simioni, hakatai. "Nililisikia, nikafunga mlango," anasema akitazama chini. "Mwaka jana lilipolia tulitoka watu kumi na mmoja na mikuki, tukawafukuza tembo. Tukirudi, doria ya hifadhi ikatukamata. Deus, mdogo wake Gati, alikaa mahabusu siku tisa."

Afisa wa doria, mgeni wa huku, alikuwa ameambiwa tu kwamba hilo ni yowe la wawindaji. Hakuuliza zaidi. Kwake, wote walioliitikia ni majangili.

"Jangili gani anapiga kelele?" Gati anafoka. "Jangili ananyamaza! Anayeita watu ana shida. Hilo nalo linataka shule? Na Simioni nimemwambia, woga wake naujua, lakini mbuzi atamtoa."

Simioni anacheka kidogo. Gati hacheki.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, na afisa huyo amealikwa. Gati ameshaomba nafasi ya kuzungumza.

"Sitahutubia. Nitapiga yowe palepale, mbele yake. Akitaka kunifunga, anifunge watu wakiona. Nataka nijue nani atasimama."

Na wasiposimama?

Anaikaza upya kanga kiunoni.

"Basi mimi silindi tena. Tembo wakija, watu wamwite huyo afisa."