Stika ya leseni iko kwa Mama Zuhura

Jamani, leo nimesimama mbele ya samaki, migebuka ya ziwani, simu sikioni.

Niliichukua kompyuta ya ofisi ya shule yetu niiongezee nguvu. Mazabodi mpya, ule ubao mkuu wa ndani, na kasha jipya. Ikawaka vizuri, halafu ikadai leseni ya Windows. Na kesho asubuhi mwalimu mkuu anaitaka.

Nikapiga simu huduma kwa wateja wa Windows. Dada mmoja mpole kweli akasema leseni ya zamani inahamishika.

"Nisomee tu namba za kwenye stika ya kasha la zamani."

Kasha la zamani?

Juzi nilimpa Mama Zuhura, muuza samaki wa kule Kasingirima, kando ya ziwa. Ubavu wa kasha ni bati pana, akasema litamfaa kupangia migebuka ya kukaanga. (Sikumuuliza mwalimu mkuu. Najua. Msinianze.)

Nikamwomba dada asikate, nikapanda bodaboda.

"Shikamoo mama. Hapa ubavuni palikuwa na stika..."

"Marahaba mwalimu. Kile kikaratasi kichafu? Niweke chakula cha watu juu ya uchafu? Nimelisugua kwa majivu na mchanga wa ziwani tangu asubuhi. Hebu jitazame!"

Nikajitazama. Nilionekana mpaka meno.

Unamgombezaje mtu aliyeitunza zawadi yako hivyo? Nikasema asante. Akanifungia migebuka miwili.

Sikioni: "Mteja, bado upo? Unaiona stika?"

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nilimwambia, "Dada, bati linang'aa."