Shati la Vifungo Sita

Mwaka ule nilitazama filamu thelathini na moja katika banda la video la Kibiti, na hakuna hata moja niliyoipenda. Sisemi hivi kwa kujivuna. Mtu anayelipa kiingilio mara thelathini na moja ili akaudhike ana tatizo, na baba aliliona tatizo hilo mapema kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoifungulia biashara milango. Vitu tulivyokuwa tumevisahau vilirudi madukani: sabuni za rangi, betri, redio za kaseti. Yakaja na marobota ya mitumba, nguo tulizoziita kafa Ulaya. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja barabarani. Watu wakaacha kunishonesha mashati, wakawa wananiletea suruali za marehemu wa Ulaya nizipunguze kiuno. Kwa hiyo nilikuwa nafika bandani nimeshakasirika, hata kabla ya filamu kuanza.

Banda lenyewe lilikuwa la kuta za magunia na paa la makuti, na mabenchi ya boriti za mikoko kutoka delta. Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri mwenye banda aliondoa kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, akawasha jenereta. Ikiadhiniwa alasiri alizima kila kitu, hata kama mtu ananing'inia kwenye genge. Tulikwenda kuswali, tukarudi, tukamkuta bado ananing'inia. Mlangoni alikaa mama mmoja muuza vitumbua, mtani wetu. Yeye Mndengereko wa bondeni, sisi Wamatumbi wa milimani, basi hakuna Jumamosi aliyotuacha tupite salama. "Wamatumbi hao, wamekuja kutazama umeme!"

Baba alikaa benchi la mbele. Alishuka kutoka milimani kuja kuishi kwangu baada ya mama kufariki, akiuvuta mguu wake wa kushoto uliojeruhiwa na nguruwe pori shambani miaka mingi nyuma. Baba alipenda kila filamu. Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno moja la lugha hizo, lakini yeye alielewa yote. Jambazi akinyata, baba aliinuka: "Nyuma yako, mwanangu! Nyuma yako!" Mtu akioa, baba alimwombea dua. Mtu akifa, alitoa leso.

Mimi nilitazama nguo. Ndiyo kazi niliyoijua. Shati linachanika begani katika ugomvi, mwenye shati anatoka mlangoni, bega limepona. Mwanamke anaanguka mtoni na kuibuka na sketi iliyopigwa pasi. Yule mzee wa Kichina aliyekaa pangoni miaka mingi bila kuonana na binadamu alikuwa na pindo lililoshonwa kwa mashine. Nilisonya. Nilisonya kwa sauti, kwa sababu niliona ni haki ya watu kujua.

"Wewe umekuja kutazama watu au kuchukua vipimo?" baba aliniuliza siku ya pindo lile.

"Baba, pangoni atapata wapi cherehani?"

"Mwanangu, nakuomba jambo moja. Siku moja tu. Tukae mpaka mwisho usisonye, na nikikuuliza kama imependeza, useme imependeza."

Nilimjibu kwamba ikija filamu nzuri nitasema. Aliniuliza itakuja lini. Nilimwambia sijui, mimi si mwenye banda.

Akawa anauliza kila Jumamosi, jua likielekea kuchwa, tukimpita mama wa vitumbua mlangoni na kurudi nyumbani kwa mwendo wa mguu wake. "Je, ya leo?" Nami nilimtajia kasoro. Ile ya askari pacha: kofia. Ile ya nyoka anayegeuka bibi harusi: mshono wa blauzi. Baba alisikiliza, kisha akaanza kunisimulia filamu ileile tuliyotoka kuitazama, kana kwamba sikuwepo. Sasa naona kwamba kweli sikuwepo.

Ya thelathini na moja ilikuwa ya Kihindi, ya mama aliyepotezana na mwanawe sokoni. Ilikuwa katika kanda mbili, na ya pili ilichelewa kuletwa kutoka Dar es Salaam. Tuliishia pale mtoto, sasa kijana mkubwa, anapita mbele ya mama yake bila kumjua. Baba hakulala vizuri wiki ile. Wiki iliyofuata homa ikamwangusha, kifua kikambana, na kanda ya pili ilipofika hakuweza kusimama. Akanituma.

Nilikwenda, nikaitazama peke yangu, nikarudi nikakaa kitandani pake. Nikamweleza kwamba wamekutana, mama amemtambua mwanawe kwa kovu, amekufa mikononi mwake.

"Alhamdulillahi," baba alisema. Akapumua. "Ilipendeza?"

Nikamwambia shati la yule kijana lilikuwa na vifungo sita, na alipompakata mama yake vilikuwa vitano.

Baba aligeukia ukutani. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Alifariki siku ya tatu, asubuhi. Sijawahi kuchukia kitu nilichokisema kama ninavyochukia vifungo vile.

Msibani, kabla jeneza halijatoka, watani walikuja kufanya kazi yao. Kwetu mtani huja kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, ili watu wacheke kidogo katikati ya kilio. Kazi ya mfiwa ni kukaa kimya na kustahimili. Mama wa vitumbua alitokea uani amevaa kofia ya baba, akivuta mguu, akapaza sauti: "Nyuma yako, mwanangu!" Waombolezaji wakacheka huku wanalia. Akakaa kwenye kinu, akajifanya mimi: akakunja uso, akasonya, akahesabu vifungo vya shehe. Watu wakacheka zaidi. Nilitafuta kasoro katika mimi yule, sikuiona.

Kisha akawa baba tena, akapita mbele yangu akivuta mguu wa kulia.

"Ni wa kushoto," nikasema.

Mfiwa hamjibu mtani, achilia mbali kumsahihisha. Shehe aliangalia mkeka. Mama wa vitumbua akavua kofia, akaninyooshea.

"Haya, fundi. Tuonyeshe."

Nikainuka. Sijui kwa nini niliinuka. Nilivaa kofia, nikatembea kutoka kwenye kinu mpaka kwenye jeneza, nikiuvuta mguu wa kushoto, bega la kulia limeinama, mkono nyuma, kama alivyotembea kila Jumamosi tukirudi nyumbani. Nilijua kila kitu cha mwendo ule. Nilikuwa nimeutazama mwaka mzima bila kusonya hata mara moja.

Hakuna aliyecheka. Nilipofika jenezani sikuweza kurudi.

Mama yule alikuja akasimama kando yangu, akasema taratibu, kwa sauti ya baba: "Je, ya leo? Imependeza?"

Sauti ilikuwa nyembamba mno, haikuwa ya baba hata kidogo. Nikaliacha hilo lipite.

"Imependeza, baba," nikasema.