Jina Kiganjani mwa Bi Zuwena

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Mimi nimempaka hina maiti. Si ndoto, si homa, wala sikuhadithiwa na mtu. Ilikuwa Jumanne, baada ya adhuhuri, hapa hapa sebuleni kwangu, mtaa wa Darsait, na mkono wake niliushika kwa mkono wangu huu.

Kazi ya hina nimeifanya miaka thelathini. Mabibi harusi wa mji huu nimewapaka wao, nikaja nikawapaka na binti zao. Sura naweza kuisahau, mkono siusahau. Kwa hiyo usiniambie nilimfananisha.

Saa ile ya jua kali maduka yamefungwa, watu wamejilaza, hata paka humwoni njiani. Mlango ukagongwa. Kufungua, Bi Zuwena. Mjane huyu alikuwa mteja wangu wa kila Sikukuu, akikaa mtaa wa Ansab. Nilishangaa kumwona wakati ule bila ya kunipigia simu, lakini mgeni hafukuzwi. Alikaa, kahawa hakuigusa. Akanipa mkono wa kulia tu, akataka nimwandikie jina kiganjani, vile tunavyowafichia mabibi harusi majina ya waume zao ndani ya maua.

Nikamtania. Makubwa haya, Bi Zuwena, ndoa uzeeni na hata hukutualika? Hakucheka. Akalitaja jina: Harith. Nilipoanza kulizungushia maua akanizuia.

"Usilifiche," akasema. "Liandike lisomeke."

Mkono ulikuwa wa baridi, nikakilaumu kiyoyozi. Nilipomaliza nikaenda jikoni kuchukua ndimu na sukari ya kukolezea hina. Kurudi, simkuti. Mlango umefungwa kwa ndani na ufunguo uko palepale. Ungefanyaje wewe? Mimi nilisoma Ayatul Kursi, nikajiambia labda niliufunga mwenyewe nikasahau.

Kesho yake akaja dada mmoja wa Kitanzania anayesafisha ngazi za jengo letu, analia. Mwenzake Neema, mtumishi wa Bi Zuwena, kakamatwa na polisi. Bibi yake kakutwa kitandani Jumatatu asubuhi, amekufa, kabanwa pumzi kwa mto, na Neema ndiye aliyekuwa naye peke yake nyumbani. Nikamwambia atulie, mbona jana tu nimempaka hina?

"Mama," akasema, "jana alikuwa mochwari."

Nilivaa buibui langu nikaenda polisi mwenyewe. Nilijua ninalo jina, na jina lile lingeweza kumtoa Neema.

Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mdogo, adabu tele. Tulianza kwa Kiarabu. Aliposikia nahangaika, akageukia Kiswahili alichofunzwa na bibi yake wa Unguja. Nikamweleza kwamba nilimpaka hina Bi Zuwena, na jina la Harith kiganjani. Akaniuliza nilimpaka lini. Basi hapo ndipo nilipoharibu. Nikafikiri nikisema Jumanne ataniona nimerukwa na akili, jina litatupwa pamoja na mimi, na Neema ataozea ndani. Nikasema Jumamosi. Tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nikatia saini.

Kijana akasoma karatasi nyingine. Akaniambia basi Neema kawadanganya. Katika maelezo yake alisema Jumapili jioni alimkanda bibi yake mikono kwa mafuta ya karafuu, kama kila siku, na mikono haikuwa na kitu. Ikiwa hina ilipakwa Jumamosi, Neema ni mwongo. Na akiwa mwongo kwa hili, la mto nani atamwamini?

Nilikwenda kumwokoa, nikamtia kitanzi. Wallahi nilijiona mtu mwovu pale kitini.

"Mwanangu, futa," nikasema. "Ilikuwa Jumanne."

Aliweka kalamu chini. Akanionya kwamba kubadilisha maelezo ni kosa, naweza kulala ndani mimi. Akauliza tena kwa Kiarabu, akauliza tena kwa Kiswahili, polepole, utadhani anasema na mtoto.

"Nna akili zangu," nikamjibu. "Jumanne, baada ya adhuhuri. Nitie ndani ukitaka, lakini andika Jumanne."

Sijui kwa nini hakunifukuza. Alifungua ripoti ya daktari ya Jumatatu, siku maiti ilipopokewa, akaweka kidole kwenye mstari: mikono yote miwili, hakuna alama yoyote. Kisha akapiga simu mochwari, akawaomba wautazame mkono wa kulia sasa hivi. Tukangoja. Nilimwona akisikiliza, huku rangi inamtoka usoni. Alipokata simu hakuniangalia.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "nitajie tena lile jina."

Harith alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimsumbua Bi Zuwena auze nyumba yake ya Ansab. Alipoonyeshwa picha ya kiganja hakungoja swali la pili; alisema yote, mpaka mlango wa nyuma alioingilia. Neema akatolewa wiki ile ile. Maelezo yangu hayakufika mahakamani. Yule kijana aliniambia hajui hakimu gani wa kumpelekea Jumanne kama ile.

Tangu hapo majina siandiki, hata bibi harusi alie. Mgeni wa mchana nampa mkono kwanza, nikihisi joto ndipo namkaribisha. Na kiganja changu cha kulia, kile nilichotilia saini ule uongo, hakikolei hina tena. Nimejaribu Sikukuu tatu. Nikiiosha inaondoka yote, ngozi inabaki kama haijaguswa.

Nawe siku utakapoitwa kutoa ushahidi, usimsaidie mtu kwa uongo, hata umhurumie vipi. Taja siku uliyoona, wakikucheka na wakucheke. Neema yuko kwao Korogwe sasa. Hunipigia simu, huniita mama, hunishukuru kwa kumtoa ndani. Na kila akishukuru nashindwa kumwambia kwamba mtu wa kwanza kutia saini dhidi yake nilikuwa mimi.