Kuushika Mkuki wa Wafranki

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya makumbusho, hapa Toronto, Mkuu wa Karakana aliniwekea mezani kipande cha chuma chenye kutu, kirefu kama mkono wangu na chembamba kama kidole.

"Hiki ni angoni, mkuki wa Wafranki," akasema. "Kitengenezee shikizi. Kikitulia treni ikipita, kazi ni yako. Kikitetemeka, rudi kwenye kazi yako ya mabohari kule Malton."

Shikizi ni ufito wa shaba unaokunjwa kufuata umbo la kitu, ukakishika bila kuonekana. Karakana yetu ilikuwa juu ya njia ya treni ya chini ya ardhi. Sakafu ikianza kunguruma, kila fundi aliweka zana chini, tukatazama vitu vilivyo majaribioni.

Nilifunga angoni kwa mikono miwili ya shaba, mmoja kila upande. Treni ikapita. Seremala wetu, Papa Espoir wa Goma, akainama kuitazama ncha.

"Kaka, Mfranki wako iko anacheza ndombolo."

Mkuu hakucheka. "Una mpaka Ijumaa."

Nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza chuma kile kilifanya kazi gani. Wajerumani wa kale walikuwa na framea, mkuki mwepesi wa ncha fupi, wa kurusha na wa kuchomea. Angoni ya Wafranki, kabila mojawapo la Wajerumani hao, ilikuja baadaye: ncha ndogo yenye vijino vinavyoelekea nyuma, shingo ndefu ya chuma, ndipo mpini wa mti. Ikinasa kwenye ngao haing'oki, wala upanga hauikati shingo. Mpini huburuta chini. Mfranki anaukanyaga, ngao inashuka, mwenye ngao anabaki kifua wazi.

Kumbe shingo ndiyo iliyobeba kila kitu. Nikaongeza mkono wa tatu chini yake, nikauvika kitambaa laini usiikwaruze kutu.

Ijumaa sakafu ikanguruma. Ncha ikatulia tuli. Mkuu akasema, "Tusubiri nyingine." Ikapita nyingine.

"Mbona umeshavaa koti?" akaniuliza. "Kuna mikuki mingine kwenye sanduku."

Nilihudumu chini ya wakuu watatu. Wa pili alipenda mikuki ya Wafranki wa baadaye, yenye mabawa mawili ya chuma chini ya ncha. Wa tatu aliagiza mipini mipya, na Papa Espoir akaichonga kwa mti uleule wa magongo ya hoki ya zamani.

Nilipokwisha kustaafu, dada mkubwa wa mke wangu alitutembelea kutoka Machakos. Nikampeleka kuitazama ile angoni. Aliizunguka kabati ya kioo, akachungulia juu na chini.

"Mkuki nimeuona, shemeji. Na kazi yako iko wapi?"

"Hujaiona?"

"Sijaona kitu. Mkuki umening'inia tu hewani."

Nikamnunulia chai na keki.