Mbuzi wa Suluhu

Siku niliyoripoti Nduguti kama ofisa ustawi wa jamii, mkuu wangu wa idara wilayani alinitazama, akasema, "Binti, huku usianze na sheria. Anza na shikamoo." Nikaanza na shikamoo.

Baadaye nilihamishiwa kata ya Iguguno, chini ya mkuu yuleyule. Mashauri mengi yalikuwa ya wake waliopigwa. Aliyejeruhiwa alipaswa kupita polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ambayo pia ni ushahidi mahakamani. Wachache waliipata. Wengine hospitalini walisema wameanguka, kisha nyumbani kikaitishwa kikao cha suluhu. Mume alileta mbuzi kwa wakwe, na mke aliyepigwa ndiye aliyempika. Akishampakulia mumewe, amesamehe. Mkuu aliupenda utaratibu huo. "Wakishakula, funga faili," alituambia.

Mama Elia alivunjwa mkono kwa sababu alichelewa kutoka shamba la alizeti na ugali haukuwa umesongwa. Mimi na mkuu tulihudhuria suluhu yake. Mbuzi alichinjwa, na baba yake mkubwa, aliyeongoza kikao, akamwambia, "Haya mwanangu, jikoni."

Mkono wake ulikuwa kwenye hogo, plasta ya hospitali. "Nipike kwa mkono upi, baba?"

Mzee yule hakuwa mkatili. Alijua njia moja tu ya kumrudisha binti kwa mumewe, na aliona aibu ikishindikana.

"Mama yako alipika," alisema kwa upole.

"Nilipika," mama yake akajibu kutoka mlangoni. "Huyu hapiki." Alimshika binti yake mkono mzima, wakaja nilipokaa. Mkuu akanong'ona nisiharibu kikao. Nikainuka nao.

Kule polisi, askari wa dawati la jinsia alimwandikia Mama Elia PF3. Alipomaliza, mama yake alipandisha mkono wa gauni lake. Mfupa wake ulikuwa umeunga upande. "Na wa zamani," akauliza, "mnapokea?"

"Huo si ulishapona, mama?" askari akasema.

"Nani kakwambia?"

Mama Elia hakurudi kwa mumewe. Mama yake alirudi kwa mume wake jioni ileile, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii huniuliza kama mila zetu zilikuwa mbaya. Huwaambia zilitufundisha pia kumpokea mgeni na kumzika jirani. Lakini zilimfundisha mama yake Mama Elia kupika kwa mkono uliovunjika, nasi wenye ofisi tukala. Kazi nimeiacha. Hasira ya hilo bado ninayo.