Mikono ya Madam Perez

Joram Wasike alikuwa na miaka hamsini na mbili, wajukuu watatu na mvi za kutosha, na bado kule Milimani, Kisumu, walimwita shambaboi. Miaka kumi na minne alikuwa ameilea bustani ya Madam Perez, mke wa mkubwa fulani, na kwa wema wake Madam akampa chumba nyuma ya jikoni. Masharti ya chumba yalikuwa matatu tu: hakuna bibi, hakuna watoto, hakuna kuku. Kwa hiyo Nekoye, mke wake wa ndoa, alikaa Kimilili akimwona mumewe Krismasi hadi Krismasi. Wakianza tu kuzoeana, Joram anapanda basi kurudi kumwagilia waridi la watu.

Basi, mwezi wa tano mwaka wa 1987, Mchungaji Absalom wa Pap Onditi alikuja Milimani kunywa chai. Kanisa lake lilikuwa limemalizika kujengwa, lakini uwanja ulikuwa mtupu, jua na vumbi tu. Alipoiona bustani ile alisahau hata mandazi.

"Madam, yule mtu amefanya hii kitu, mimi nikimpata nampa kazi leo leo. Kuna nyumba ya vyumba viwili kando ya kanisa. Aje na mama watoto, aje na kuku wake."

Joram alikuwa nyuma ya ua wa michongoma, makasi mkononi. Alisikia kila neno. Furaha ilimjaa hata akakata tawi ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Mchungaji," Madam akasema, akiweka kikombe chini polepole, "hii yote nimefanya mimi mwenyewe, na mikono yangu."

Mikono hiyo, kama unataka kujua, ilikuwa na kucha ndefu nyekundu, na mzigo mzito kuliko yote iliyowahi kubeba ni simu ya mezani. Lakini shambaboi mzuri hapatikani ovyo, na Madam hakuwa mjinga wa kumgawa wake kwa kanisa. Joram naye akarudi kukata michongoma yake. Mnyonge hana haki, na chumba, hata kisicho na kuku, ni chumba.

Mchungaji, maskini, aliamini. Akamwomba Madam aje Pap Onditi awafundishe akina mama wa kanisa kupanda miti. Madam hangeweza kukataa sifa. Akaigeuza safari ikawa ziara rasmi: bustani mbili njiani, kisha kanisa. Jumamosi asubuhi Peugeot iliondoka na Madam, mashoga zake wawili wenye kofia pana, na Joram kwenye kiti cha nyuma kabisa, amebanwa na miche arobaini ya jakaranda. Alikuwa ameiotesha mwenyewe kutoka kwa mbegu, kila mmoja ndani ya karatasi yake ya nailoni. Aliijua mmoja mmoja, hadi ule uliogugunwa na panya ukachipua tena.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na Peugeot. Ile ya Madam ilifika Nyamasaria bila shida, kwa Mwalimu Zadock, mstaafu, ambaye alimwonyesha waridi lake lililojikunja majani.

"Madam mtaalamu, huu ni ugonjwa gani?"

Madam alitazama waridi, akatazama mbingu. "Inategemea," akasema.

Joram akakohoa kutoka nyuma. "Ni wadudu, Mwalimu. Maji ya sabuni, na majivu kidogo chini."

"Ndiyo nilikuwa nataka kusema majivu," Madam akasema, na mashoga zake wakatikisa kofia kwa kumstaajabia.

Ahero walisimama kwa Mama Rosa, mkulima wa mpunga. Kwa sababu ya mafuriko alikuwa amepanda maua yake yote ndani ya matairi makuukuu, yamepandana juu kwa juu. Madam akamwambia matairi ni ushamba. "Ni kweli, Madam," Mama Rosa akajibu kwa heshima zote, "lakini maji ikikuja, ushamba peke yake ndiyo inabaki." Joram alitamani kumkumbatia mama yule. Alirudi garini akaketi katikati ya miche yake.

Pap Onditi wanawake thelathini na tisa walikuwa wanangoja, jembe mkononi, mashimo yamechimbwa tayari. Mchungaji Absalom aliomba, akaomba tena, kisha akamkaribisha mtaalamu kutoka Milimani. Madam alichukua mche kwa ncha za vidole, akauweka shimoni na karatasi yake ya nailoni, akasukumia udongo kwa kiatu.

"Yawa!" akasema Mama Aoko, bibi kizee wa mstari wa mbele. "Madam, unapanda na karatasi?"

"Hiyo ndiyo njia ya kisasa, Mama. Karatasi inashika maji."

Akina mama wakatazamana. Walikuwa wamelima tangu kabla Madam hajazaliwa. Lakini kofia ni kofia, na Mchungaji alikuwa ameshasema amina. Wakasogea kila mmoja kwenye shimo lake na mche wake, karatasi na yote. Hata Mama Aoko akainama, ananung'unika.

Joram alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Mizizi ingezunguka humo ndani, ikose pa kwenda, mwaka ukiisha miche yote imekauka. Akifungua mdomo, chumba kimekwenda. Akifunga, miche imekwenda. Akawaza chumba kile, masharti yake matatu, na Krismasi kumi na nne.

Akapiga magoti. Akaufukua mche wa Madam, akaipasua karatasi kwa meno, akaurudisha shimoni na kuushindilia kwa viganja.

"Joram! Unafanyia mti yangu nini?"

"Mzee," Mchungaji akauliza, "wewe ni nani?"

Joram alisimama. "Mchungaji, Madam hakukudanganya. Alikuambia ile bustani ilifanywa na mikono yake." Akainua viganja vyake, vyeusi kwa udongo, vimepasuka. "Mikono yenyewe ni hii. Huwa anaiweka nyuma ya jikoni."

Mama Aoko alicheka hadi akashikilia jembe asianguke. Mashoga wa Madam wakapata ghafla kitu cha kutazama kwenye paa la kanisa.

"Panda gari," Madam akasema, sauti imekauka, "ama ubaki hapa!"

Miaka kumi na minne, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpa nafasi ya kuchagua. Joram akamgeukia Mchungaji.

"Ile nyumba bado iko?"

"Iko."

"Na kuku?"

"Nilisema na kuku."

Mlango wa Peugeot ukabamizwa. Vumbi lilipotulia, Mchungaji Absalom alimuuliza anaweza kuanza kazi lini. Joram alikuwa ameshapiga magoti kando ya Mama Aoko, anaufukua mche wake.

"Shika hii, Mchungaji," akasema, akimpa karatasi iliyopasuka. "Zimebaki thelathini na nane. Halafu kesho nataka ruhusa. Naenda Kimilili kumchukua mtu."