Chungu Kimoja cha Wake Wawili

Mawese yakichemka hayaombi ruhusa ya kuingia puani. Nyumba yetu ya Buzebazeba ilinuka mawese mpaka kwenye shuka, kwa sababu baba aliyauza sokoni Ujiji, akiyafuata mwenyewe kwa wakulima wa Simbo, na kila jioni alirudi na viganja vyekundu. Nilipokuwa na umri wa kuhesabiwa mtoto mkubwa lakini bado sijaruhusiwa kukaa na watu wazima, harufu hiyo ilitoweka kwetu. Baba alikuwa ameona kizunguzungu sokoni, akaketi chini katikati ya madumu yake, na muuguzi aliyempima alimwambia bila kupepesa macho kwamba presha yake ilikuwa ya kuogopesha. Apunguze chumvi, apunguze mafuta, atembee. Kumwambia muuza mawese wa Ujiji apunguze mawese ni sawa na kumwambia samaki apunguze maji, lakini mama alisikiliza neno kwa neno, na kesho yake akaanza.

Alianza kidogo kidogo, kwa vile haba na haba hujaza kibaba. Mawese aliyokuwa akiyamimina kwa upawa sasa aliyapima kwa kijiko cha chai. Kibakuli cha chumvi kiliondolewa mkekani, kikafichwa nyuma ya ndoo. Asubuhi mandazi yalipisha muhogo wa kuchemsha, na chai ikaja na mchaichai badala ya sukari. Baba aliyezoea kupanda baiskeli ya abiria hadi sokoni aliambiwa aende kwa miguu. Mama alikuwa Muha wa shamba, mtu wa maneno machache; ukimwuliza jambo alijibu "ego" yake ya kukubali, akaendelea na kazi. Chakula kilikuwa hakina raha, sitasema uongo. Migebuka, samaki wa ziwa letu, sasa ya kuchemsha, ilitutazama kutoka kwenye sahani kama imeonewa.

Shida ni kwamba baba alikuwa na nyumba mbili. Alilala kwetu kwa zamu, na zamu ikigeuka alikwenda kwa mama mdogo, mke wake wa pili, Ujiji chini karibu na ziwa. Mama mdogo alikuwa mtoto wa mjini, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba hata akiita kuku, na katika sufuria lake mawese yalielea kama zamani. Niliutambua mwendo wa baba siku za kwenda huko. Kwetu alikuja akiburuta viatu. Kule alikwenda na kofia ameiweka upande. Niliona wivu ule wa kuuma meno. Nilimwonea wivu mama mdogo kwa kupendwa bila kukataza kitu, niliwaonea wivu wanawe kwa maharage mekundu waliyokula na baba yangu, na mama nilimkasirikia kwa kutonunua moyo wa mumewe kwa kitu rahisi kama chumvi. Mchovya asali hachovyi mara moja, na baba alianza kusingizia kazi ili zamu ya kule irefuke. Kisha akaona kizunguzungu tena, safari hii mlangoni kwetu, akashika ukuta, na uso wake ulikuwa wa majivu.

Kwetu mke haingii jikoni kwa mke mwenzake. Wanasalimiana msibani na harusini, kila mtu na mafiga yake. Lakini baba alipopata nafuu mama alijifunga khanga, akanishika mkono, tukashuka Ujiji mchana kweupe majirani wakitutolea macho. Mama mdogo alikuwa anakuna nazi. Aliangua kicheko alipotuona mlangoni.

"Karibu, Bi mkubwa! Leo jua limetoka magharibi?"

Mama hakuketi. Alichomoa kijiko cha chai kwenye pindo la khanga, akakiweka juu ya kinu.

"Mume wetu akianguka, mwenzangu, eda tutakaa wote wawili. Mimi nampikia kwa hiki. Wewe?"

Mama mdogo aliacha kukuna. Alikitazama kile kijiko, kisha akakichukua, akakifunga kwenye pindo la khanga yake mwenyewe.

Nilidhani tumeshinda. Kumbe mama alikuwa amempa mwenzake silaha. Mama mdogo alikuwa na mikono ya upishi: migebuka yake aliichoma juu ya mkaa, akaikamulia ndimu, akaipaka tangawizi na pilipili, hata ukasahau kwamba haina chumvi. Kisha akaanza kutembea na baba kila alfajiri baada ya sala, wakishuka ufukweni kuwatazama wanawake wakianika dagaa mchangani, wakirudi wanacheka. Baba akapungua tumbo, akarudi kusimama sokoni. Siku moja nilimsikia akiwaambia wateja wake kwamba mke wake mdogo amempa miguu mipya. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mama alivumilia, mbivu akala mwingine. Nilikimbia nyumbani natokwa machozi.

"Mama, baba anamsifu yeye! Anasema yeye ndiye aliyemponya!"

"Aliyasema kwa sauti gani?"

"Kwa sauti kubwa. Soko zima limesikia."

"Basi amepona, mwanangu," mama alisema, akaendelea kuchambua kisamvu.

Mama alitutoka kwa homa kabla sijaolewa. Baba yu hai. Mwaka huu, muuguzi wa kizazi kingine aliniambia mimi maneno yaleyale, nami sasa nashuka Kibirizi kwa miguu na nakunywa chai chungu, nikishangaa jinsi mambo haya madogo yanavyochosha yasipofanywa kwa ajili ya mtu unayempenda. Juzi nilikwenda Ujiji kumjulia hali baba. Mama mdogo alikuwa na wageni kutoka Kagunga, nao walistaajabu mzee wa umri ule kutembea bila fimbo. Mmoja akamwuliza mama mdogo nani alimfundisha kumtunza mumewe hivyo.

"Nani tena anifundishe?" alicheka. "Mume akiugua, mke huwa daktari."

Nilimtazama baba. Alijua. Aliinamisha macho kwenye sahani, akamega tonge la ugali wa muhogo. Nilifungua kinywa nitaje jina la mama yangu mbele ya wageni wale, na papo hapo baba akaniomba maji. Nilimpa kikombe kimejaa hadi ukingoni. Alikipokea kwa mkono mmoja, na halikumwagika hata tone. Mama angeutazama mkono ule tu, akaridhika. Mimi niliutazama, kisha nikamtazama aliyeketi kando yake, anazeeka naye, na wivu ule wa kuuma meno ukanirudia.